Konrodi ya Pili

Mtu asiyezijua injini hudhani zinakufa kwa kukosa oili, au kwa moto, au kwa uzembe wa mwenye kuziendesha. Hayo yapo, sikatai. Lakini uko ugonjwa mwingine unaoila injini kutoka ndani, hauna moshi wala harufu: uzito uliokaa mahali si pake. Gramu aliujua ugonjwa huo tangu hajang'oka meno ya utoto, maana baba yake hakuwa na hadithi nyingine ya kuwasimulia watoto.

Baba huyo watu walimwita Mizani, na jina lilimkaa kuliko shati. Maisha yake yote alifanya kazi moja tu, kusawazisha krenki. Krenki ni ule mhimili mkubwa uliopindapinda, unaolala tumboni mwa injini na kugeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko. Ikizunguka huku upande mmoja umeuzidi mwenzake, hata kwa uzito wa harage moja, inaanza kujipiga. Kwa mwendo mdogo hutasikia kitu. Vuta mafuta mpaka mwisho, uone itakavyozitafuna beringi zake na kutoka na kila kilichokuwa karibu. Basi Mizani aliifunga krenki kwenye mashine yake, akaizungusha, akausoma mshale, akatoboa hapa, akaongeza pale, mpaka mshale ukalala usitikisike. Mafundi wa miji ya mbali walimletea krenki zimeviringishwa blanketi kama vichanga.

Binti yake jina alilipatia mezani. Alikuwa mdogo, analia kwamba kipande chake cha mkate ni kidogo kuliko cha mdogo wake. Mama alimwambia aache uroho. Mizani aliinuka akaleta mizani ya kazini, akaviweka vile vipande kimoja baada ya kingine mbele ya watoto. Kweli, cha binti kilipungua gramu chache. Jina likamganda hapo hapo, na alipokua hakwenda kutafuta kazi kwingine. Alikaa na baba yake, yeye kwenye mashine za kukereza, mzee kwenye kusawazisha.

Mdogo wake naye alikuwa nahodha wa boti ya uokoaji, na nyumbani hawakumwita vingine ila Nahodha. Dhoruba ya msimu uliopita ilimwachia kidonda. Walipigiwa simu kwamba mashua imepinduka, wakatoka mbio, na katikati ya safari injini kuukuu ikakata roho. Walipofika kwa kuvutwa, watu watatu walikuwa wametulia juu ya maji, na mmoja wao alikuwa mama aliyejifunga mtoto. Siku nyingi zilipita, ndipo Nahodha akasema kituo cha uokoaji kimekubali kununua injini mpya, silinda nane, yenye nguvu za kutisha, nayo ingeundwa kipande kwa kipande katika karakana ya baba yake au isiundwe kabisa.

Wakakaa watatu kwenye meza ya kazi kuchagua vipuri.

"Mimi nataka vyepesi," alisema Nahodha. "Pistoni nyepesi, konrodi nyepesi. Ipande mwendo haraka."

"Unashindana na nani?" Mizani alimuuliza. "Na samaki?"

"Mtu anayezama hasubiri, mzee."

"Sawa. Sasa nisikilize. Wimbi likiirusha boti, propela inatoka majini, haina cha kuishika, na injini inapaa ghafla inalia kama imechomwa sindano. Halafu propela inarudi majini kwa kishindo. Konrodi nyepesi inakatika hapo hapo, na wewe unabaki unapunga mkono. Nitakupa krenki ya chuma cha kufuliwa, si ya kumiminwa. Nitakupa konrodi nene. Kwenye pistoni nitakuachia wepesi kidogo usije ukanuna."

Gramu aliiinua konrodi moja kati ya zile nene, ule mkono wa chuma unaoishika pistoni upande mmoja na krenki upande wa pili. Akaipimapima kiganjani. "Hizi zitailemea krenki, baba. Itabidi iongezewe uzito upande wa kukabili."

"Itabidi," alisema Mizani, akafurahi kwa jinsi binti yake alivyowahi. "Tutaitilia tangisteni, ile metali nzito kuliko risasi. Kuongeza tu, hakuna kupunguza."

Hayo aliyasema kwa kinywa chake, na akili zake zote zikiwa mahali pake.

Sasa ieleweke kwamba katika karakana ile palikuwa na sheria moja aliyoitunga Mizani mwenyewe, nayo ilikuwa kali. Krenki haisawazishwi tupu. Unaifungia vizito vya bandia pale zitakapokaa konrodi na pistoni, ili mashine idhani injini nzima ipo. Uzito wa hivyo vizito unapatikana kwa kupima na kukokotoa, na mashine haina akili ya kukukosoa. Ukiidanganya, itakuamini. Kwa hiyo Mizani aliweka kwamba kila hesabu ifanywe na watu wawili, mmoja baada ya mwenzake, wa pili asione ya wa kwanza. Zikilingana, kazi iendelee. Zisipolingana, hakuna kula.

Gramu akihesabu, mzee alihesabu nyuma yake bila huruma. Lakini mzee akihesabu, nani ahesabu nyuma yake? Zamani alikuwepo mwenzake, akafariki. Baada ya hapo ilibaki kazi ya binti, na binti aliifanya mwanzoni, kisha akaanza kuona haya. Utampimaje mtu aliyekufundisha kushika tupa? Kila mara zililingana, na kila mara alijiona kama mtoto anayemkagua baba yake mifuko. Ikawa mzee akimaliza anauliza, "Umehesabu?" naye anajibu, "Nimehesabu, baba," hali hajagusa mizani. Ndiyo adabu zetu hizo. Tunamheshimu mtu mpaka tunamwacha peke yake.

Wiki ile Gramu alikuwa na bloku ya injini kwenye mashine yake, anaitanua silinda, na mzee upande wa pili wa ukuta alikuwa na krenki. Aliisikia drili ikinguruma, inanyamaza, inanguruma tena. Hakutia maanani. Mzee aliuliza, akamjibu kama kawaida yake.

Mchana wa siku iliyofuata, mzee akiwa nyumbani kupumzika, Gramu aliingia kufagia. Chini ya mashine ya kusawazisha palikuwa na trei ya kukusanyia chenga za chuma. Ilijaa pomoni. Aliiangalia, akaweka ufagio chini.

Chenga zote zile zimetoka wapi? Krenki hii ilitakiwa kuongezewa, si kutobolewa. Akafunua turubai. Vile vibamba vinene vya kukabili uzito vilikuwa matobo matupu, makubwa, marefu, yamepangwa vizuri kwa mkono usiotetemeka. Kila tobo lilikuwa safi. Kazi ilikuwa nzuri ajabu, na ilikuwa imeharibika yote.

Akachukua mizani, akapima mwenyewe, kipande kwa kipande, kisha akavipima vile vizito vya bandia ambavyo mzee alivifunga. Vilipungua, tena si kidogo. Akarudia, akitamani awe yeye ndiye aliyekosea. Akarudia tena. Hatimaye akaiona ilikojificha. Katika injini ya aina ile kila shingo ya krenki inabeba konrodi mbili, ubavu kwa ubavu. Mzee alihesabu moja.

Hilo si kosa la fundi. Hilo ni jambo ambalo Mizani alimfundisha binti yake kabla hajamruhusu hata kufagia chumba kile. Mshale ulilala sawasawa, mashine ikaamini, na kama krenki ile ingefungwa, boti ingetoka bandarini inanguruma vizuri, kila mtu akipiga makofi. Ingekuja kuvunjika siku ambayo Nahodha amevuta mafuta yote, katikati ya mawimbi, na watu wakimngoja.

Gramu aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akalia. Alilia kwa hofu, na alilia kwa hasira juu yake mwenyewe, maana neno "nimehesabu" lilikuwa limetoka kinywani mwake yeye.

Alikwenda nyumbani kwa wazazi. Mzee alikuwa amelala. Mama alikuwa anakunja nguo, na alipomwona binti yake alivyo, hakuuliza kuna nini. Aliuliza, "Umeona nini?"

Gramu akamweleza. Mama aliendelea kukunja shati moja hilo hilo, akilikunjua na kulikunja.

"Juzi alitoka na kiatu mguu mmoja na kandambili mguu wa pili," alisema Mama. "Asubuhi ya leo ameniuliza kaka yake atakuja lini. Kaka yake tumemzika wewe hujaolewa."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ningekwambia nini? Akiingia karakanani anarudi mzima. Ile mashine ndiyo inayomshika, mwanangu. Ukimtoa pale ataanguka. Itengeneze kimya kimya, asijue. Nakuomba."

Na Gramu, tusimhukumu, alikubali. Alirudi amekwisha kata shauri: angemwambia mzee apumzike siku chache, angetafuta tangisteni, angerekebisha, na jina la mzee lingebaki palepale lilipo. Njiani hata alijisifu kidogo kwa busara zake.

Lakini kesho yake asubuhi alimkuta Nahodha amekwisha fika na gari la kubebea mizigo na kamba, na mzee amesimama mlangoni amevaa ovaroli safi, anang'aa.

"Utabiri wa hali ya hewa si mzuri," alisema Nahodha. "Wenzangu wanataka tuanze kuifunga leo. Mzee anasema krenki iko tayari."

"Mshale umelala kama mtoto aliyeshiba," alisema Mizani. "Ichukue tu. Na dada yako amehesabu."

Wote wawili wakamtazama Gramu.

Angeweza kusema kuna beringi moja haijafika. Angeweza kusema bloku bado. Uongo ulimjia mwingi, na kila mmoja ulikuwa mtamu. Lakini alimtazama mdogo wake, akakumbuka alivyorudi ile siku na nguo zimemkaukia mwilini.

"Sikuhesabu," alisema. "Baba, mimi sikuhesabu. Nimehesabu jana. Haiko sawa."

Mzee alicheka kwanza. Kisha aliona hakuna mwenzake wa kucheka. "Unasemaje?"

"Vizito vimepungua."

"Mimi nimekosea?" Sauti ilipanda. "Unanivunjia heshima mbele ya mdogo wako? Krenki nilizosawazisha mimi bado zinazunguka na waliozipanda wamezeeka! Wewe umezaliwa juzi, unanipima mimi?"

"Nihesabie, baba. Nihesabie kwa sauti, tusikie."

"Dada, basi," alisema Nahodha.

"Wewe nyamaza. Ndiwe utakayeipanda boti," alisema Gramu.

Mzee alikwenda mezani kwa hasira, akivitupa vipande juu ya mizani, kisha kadiri alivyopima mikono yake ikatulia, ikawa ile mikono waliyoijua. Pistoni, na pini yake, na ringi zake. Kichwa kidogo cha konrodi. Kichwa kikubwa. Beringi. Hata tone la oili litakalobaki kwenye vinjia vya krenki alilikumbuka. Alitaja kila uzito kwa usahihi, akajumlisha kichwani kwa kasi ambayo Gramu hajawahi kuifikia, akagonga meza. "Jumla! Nini kimepungua?"

Gramu aliokota konrodi nyingine, akaiweka kwenye kiganja cha baba yake.

Mzee aliitazama. Akaigeuza upande huu na upande ule. Akamtazama binti yake kwa uso mweupe usio na hila yoyote.

"Na hii ya nani?" aliuliza.

Nahodha alitoa kicheko kifupi, alidhani ni utani wa mzee. Kilimfia mdomoni. Mzee aliendelea kuishika ile konrodi, akawatazama watoto wake mmoja mmoja, na wakaona jinsi alivyokuwa akiyasoma majibu kwenye nyuso zao, si kwenye chuma. Aliiweka mezani kando ya mwenzake. Akaenda akakaa.

"Mama yenu anajua?"

"Anajua," alisema Gramu.

"Mimi tu ndiye nisiyejua."

Gramu alitaka kumwomba msamaha na hakujua aanzie kwa lipi. Nahodha alikuwa amegeukia ukuta. Kisha mzee akasema, kwa sauti ya kazini kabisa, "Leteni hiyo krenki hapa niione."

Aliyapapasa matobo yake kwa kidole, tobo moja baada ya jingine, kama anayewasalimu watu msibani.

"Haijafa," alisema. "Msiyazibe haya. Mkiyaziba, tangisteni itakaa imeelekea nje, na injini ikipaa itaitema kama risasi. Toboeni mapya kwa ubavu, yalale sambamba na mhimili. Ingizeni tangisteni kwa kubana. Hapo ikizunguka inajigandamiza kwenye ukuta wa tobo, haina pa kutokea. Mtaongeza nyingi, maana nimekula nyama nyingi. Lakini itakubali."

Gramu alisikiliza akajua kwamba hakuna fundi mwingine ambaye angemwambia vile. Jambo zito mzee alikuwa nalo lote. Lile jepesi ndilo lililomtoka, na lingemtoka tena, na hakuna aliyejua kesho lingeondoka lipi.

Kazi waliifanya wao. Gramu alihesabu. Wa pili wa kuhesabu hakuwepo, mpaka Mizani akamnyooshea kidole Nahodha. "Huyu hapa. Roho ni yake, ahesabu mwenyewe." Nahodha, mtu asiyetishwa na wimbi, alitoka jasho juu ya mizani ile kama mwanafunzi wa kwanza. Alikosea, akakosea tena, kisha ikalingana. Mshale ulilala. Injini ilifungwa, na dhoruba ilipofika boti ilikwenda na kurudi, ikaenda tena ikarudi, na watu waliotolewa majini walilazwa kwenye sakafu ya kituo wakiwa wanatetemeka, yaani wakiwa hai.

Siku waliyopata habari hizo, Mizani alimwita binti yake ndani ya chumba cha mashine, akafunga mlango. Akachomoa ufunguo wa swichi kubwa, ule ambao hajawahi kumpa mtu, akampa.

"Leo akili zangu ziko hapa, nazisikia," alisema. "Kwa hiyo nisikilize leo. Iko siku nitakuja kuudai. Nitakuwa nimesahau haya. Nitakugombeza, nitakutukana labda. Usinipe."

"Baba..."

"Hata nikikulilia. Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

"Sema tena, usiseme kama ulivyokuwa unasema umehesabu."

Gramu akasema tena.

Siku hiyo haikuchelewa kama alivyoomba. Palikuwa na krenki ya mteja kwenye mashine, na Gramu anafunga vizito, mlango ukafunguliwa. Mzee aliingia amevaa ovaroli juu ya nguo za kulalia. Alikuwa na haraka ya mtu aliyechelewa kazini.

"Nani amegusa mashine yangu? Ufunguo uko wapi?"

"Ninao mimi, baba. Kaa kidogo nikuletee maji."

"Sikutaka maji. Nipe ufunguo, kuna boti inangoja."

"Boti imekwisha ondoka, baba. Iko salama."

"Nipe ufunguo!" Aligonga meza, pistoni zikaruka. Akasema maneno ambayo Gramu hajawahi kuyasikia kinywani mwake, kwamba yeye ni mwizi, kwamba amemzaa mtu wa kumnyang'anya kazi yake angali hai, kwamba amtoke mbele ya macho. Gramu alisimama palepale, mgongo kwenye swichi, ufunguo umemuuma kiganjani.

"Nani amekwambia unizuie? Nitajie!"

"Wewe, baba."

"Mimi?" Mzee alimkodolea macho. "Mimi niseme upuuzi kama huo?"

Hasira ikamwisha ghafla, na kilichobaki kilikuwa kibaya zaidi. Akanyoosha kiganja chake, kile kile kilichomfundisha uzito wa kila kitu, kikiwa wazi na kitupu.

"Mwanangu," alisema, na machozi yakamtoka waziwazi. "Nipe kidogo tu. Nitakurudishia."

Gramu alimshika kile kiganja kwa mikono yake miwili. Alilia pamoja naye, wakiwa wamesimama. Na hakumpa.